Sotoka, na Jinsi Mataifa Yalivyojifunza Kutangaza Maradhi

Miongoni mwa maradhi yote yaliyopata kuingia katika zizi la mfugaji, hayakuwako yaliyoogopwa kuliko sotoka. Mnyama aliyepatwa nayo alianza kwa homa kali na kuacha malisho, kisha macho yakamtiririka machozi na pua kamasi, kinywa kikajaa vidonda vilivyonuka, na mwisho akaharisha mfululizo hata akakaukiwa na maji ya mwili, akaanguka na kufa, aghalabu kabla ya siku kumi na mbili kutimia tangu homa ilipomshika. Na katika kundi ambalo halikupata kuionja kabla, kwa kila ng'ombe kumi waliweza kufa wanane au tisa. Kirusi chake hakidumu sana nje ya mwili, wala hakichukuliwi na kupe au mbu, bali hutaka pumzi, mate au kinyesi cha mgonjwa kimfikie aliye mzima kwa karibu; na mnyama aliyepona alikingika maisha yake yote. Kwa sababu hiyo sotoka haikuenda mbali ila kwa miguu ya mnyama, na mnyama wa kufugwa haendi safari ndefu ila apelekwe na mtu, awe mchuuzi, au askari, au mkimbizi. Tarikhi yake, basi, ni tarikhi ya masoko, na majeshi, na meli, na mipaka, na ya zile sheria ambazo dola zimezitunga, kwa kuchelewa na kwa hasara, ili kuhukumu ni mnyama gani apite na ni yupi azuiwe.

Ulaya iliijua sotoka kwa karne nyingi, maana kila mara iliingia ikifuata majeshi na makundi ya maksai waliotoka nyika za mashariki. Ilipofika katika nchi za Papa mwanzoni mwa karne ya 18, tabibu wake Giovanni Maria Lancisi alitoa shauri ambalo hata leo ndilo msingi wa kanuni za uingizaji wa mifugo: wagonjwa na wanaoshukiwa wauawe, mizoga izikwe pamoja na chokaa, njia zilindwe, wala mnyama asihamishwe bila ruhusa, na adhabu za wenye kuficha au kupitisha magendo zilikuwa kali hata kufikia kifo. Mwaka 1761 Ufaransa iliidhinisha shule ya kwanza ya udaktari wa mifugo katika mji wa Lyon, chini ya Claude Bourgelat, na hofu ya sotoka ilikuwa katika sababu zake kubwa. Hata hivyo, karne nzima baadaye, Waingereza walikuwa wamekwisha sahau. Mwaka 1865 meli iliyopakia ng'ombe katika bandari ya Reval, kwenye Bahari ya Baltiki, ilishusha shehena yake Hull, na haukupita muda maradhi yakaonekana London katika soko la Islington, na kutoka sokoni yakaenea kwa reli hata mashamba ya mbali. Wenye mali na wenye siasa walijadiliana miezi mingi, hawa wakisema uhuru wa biashara usiguswe na wale wakitaka masoko yafungwe. Na walipokubali mwaka 1866 kwamba wagonjwa wachinjwe kwa amri na wenyewe walipwe fidia, maji yalikuwa yamekwisha mwagika, na hata mwisho wa janga, mwaka 1867, hasara ilikuwa imepita ng'ombe laki nne.

Lakini hayo yote, ukiyalinganisha na yaliyolipata bara letu, ni madogo.

Mwaka 1887 Waitalia walikuwa na jeshi katika bandari ya Massawa, kwenye Bahari ya Sham, wakitaka kupanda nyanda za juu za Uhabeshi. Na wengi wa waliochunguza habari hizi wanakubaliana kwamba sotoka ilishuka pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli kulisha jeshi hilo, ambao asili yao ilikuwa Bara Hindi. Bandarini hapakuwa na aliyeuliza walikotoka, wala zizi la kuwatenga, wala tabibu wa kuwatazama. Kutoka pwani maradhi yalipanda mlima, na katika muda wa miaka miwili mitatu Uhabeshi ikapoteza, kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, ng'ombe tisa katika kila kumi. Kilimo cha nchi ile kilitegemea plau inayovutwa na maksai, na maksai walipokwisha, mashamba yakalala. Ikaja njaa iliyodumu tangu 1888 hata 1892, na inaelezwa kwamba Mfalme Menelik mwenyewe alishika jembe mbele ya watu ili wakubwa wa nchi wasione aibu kulima kwa mikono yao.

Kutoka huko sotoka ilishuka kusini, na mwaka 1890 na 1891 ikawa imezienea nchi za maziwa makuu, Umasaini, Ugogo na Unyamwezi. Wahima na Wamaasai, ambao mahari yao, chakula chao, ibada zao na heshima yao vyote vilikuwa katika ng'ombe, waliona mali ya vizazi ikioza malishoni kwa muda wa wiki chache. Nyati walikufa pamoja na ng'ombe, na pofu, na nyumbu, hata mwindaji naye akakosa windo. Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta Wamaasai wamekonda hata kubaki mifupa, wakigombania ngozi na pembe ili wapate cha kutafuna, naye alikadiria kwamba theluthi mbili ya kabila lile walikuwa wameangamia. Na wazazi wengi waliwakabidhi watoto wao kwa majirani wakulima, Wakikuyu na wengineo, wapate kula. Wamaasai wanakiita kipindi kile, ambacho ndani yake ndui na vita vya wenyewe kwa wenyewe viliungana na njaa, Emutai, nalo ni jina la maangamizi.

Ni wajibu wa mwandishi wa tarikhi kukumbusha kwamba miaka hii ndiyo ile ile ambayo Waingereza na Wajerumani, kwa mkataba wa Julai 1890, waligawana nchi hizi. Waliokuja kuzitawala walikuta mbuga pana zisizo na makundi wala maboma, wakaandika katika vitabu vyao kwamba nchi ni tupu na haina mwenyewe. Na penye majani yasiyolishwa tena vichaka vikaota, na vichakani akarudi mbung'o, aliyewazuia watu kurudi na mifugo mahali walipokuwa wakiishi zamani. Ardhi nyingi iliyokuja kuitwa pori la serikali ilikuwa malisho ya watu, na aliyewatoa kwanza hakuwa mzungu mwenye bunduki.

Mto Zambezi uliizuia sotoka kwa miaka michache. Mwaka 1896 ikavuka, na mara ikafika Bulawayo, ambako usafiri wote wa biashara ulikuwa wa magari ya kukokotwa na maksai. Magari yakabaki njiani, bidhaa zikaoza, bei za chakula zikapanda kupita kiasi. Serikali ya Kampuni ya Waingereza iliyotawala nchi ile iliamuru kupiga risasi makundi yaliyoguswa, na Wandebele, ambao wengi wao walikuwa wamekwisha nyang'anywa ng'ombe zao baada ya vita vya 1893, waliona askari wakiua hata wanyama wazima machoni pao pasipo maelezo ya kuridhisha. Jambo hilo likawa moja katika yaliyowatia moto wa vita mwezi Machi mwaka ule ule. Upande wa Cape walinyosha uzio wa waya mamia ya maili, wakauwekea walinzi, na sotoka ikaupita. Robert Koch aliitwa kutoka Ujerumani, akafika Kimberley mwezi Desemba 1896, na kabla ya miezi mingi akatangaza njia ya kukinga kwa kumdunga mnyama mzima nyongo ya mnyama aliyekufa kwa maradhi hayo. Njia hiyo, pamoja na ile ya kutumia maji ya damu ya waliopona, iliokoa makundi mengi, ingawa kusini ya Zambezi inakadiriwa walikwisha kufa ng'ombe milioni mbili na nusu.

Sheria za mataifa juu ya jambo hili, hata hivyo, hazikuzaliwa kwa vifo vya Afrika. Zilizaliwa kwa shehena moja ndogo iliyotua mahali penye kusikika. Mwaka 1920 ng'ombe wenye nundu walisafirishwa kutoka Bara Hindi kwenda Brazil, na kwa kuwa meli zilibadilishwa Antwerp, waliwekwa katika mazizi ya bandari ile pamoja na ng'ombe wengine waliokuwa wakingoja kwenda sokoni. Ubelgiji, iliyokuwa imetoka vitani juzi tu, ikajikuta na sotoka ndani ya mipaka yake, na majirani wote wakashikwa na hofu. Mwezi Mei 1921 wajumbe wa mataifa zaidi ya 40 walikutana Paris, na tarehe 25 Januari 1924 mataifa 28 yakatia sahihi mkataba wa kuunda Ofisi ya Kimataifa ya Maradhi ya Wanyama, ambayo mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Emmanuel Leclainche, na ambayo siku hizi huitwa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani.

Katika mkataba ule liko sharti moja ambalo mimi naliona kuwa kubwa kuliko mengine yote: kwamba kila dola itapeleka habari kwa simu ya maandishi mara sotoka, au maradhi ya miguu na midomo, itakapoonekana mahali palipokuwa salama. Desturi ya serikali zote tangu zamani ilikuwa kuficha, kwa sababu mwenye kutangaza ugonjwa hupoteza soko siku ile ile, na mwenye kunyamaza huendelea kuuza. Na katika mambo ya tijara dola nazo zina tamaa na hofu kama mtu mmoja mmoja. Mkataba haukuweza kuiondoa tamaa hiyo. Uliloweza kufanya ni kuweka mahali pamoja ambapo habari zote zitafika, na kuyafanya mataifa yahitajiane, hata ikawa aliyekutwa ameficha hasadikiwi tena katika cheti chochote atoacho.

Upande wetu wa dunia karantini ilifika kwa sura nyingine. Huko Kenya, ambako maabara ya mifugo ya Kabete ilianzishwa mwaka 1910, walowezi walileta madume na mitamba ya Ulaya, wanyama wa thamani kubwa na wepesi wa kufa, na serikali ikayahesabu makundi ya Waafrika kuwa chimbuko la hatari. Wilaya za hifadhi ziliwekwa chini ya karantini, mara kwa ajili ya sotoka, mara kwa ajili ya homa ya mapafu, na Wamaasai hasa walifungiwa hivyo kwa vipindi virefu, hata mwenye ng'ombe mia asiweze kwa halali kumpeleka mmoja mnadani apate fedha za kodi ile ile ambayo serikali ilimdai. Sikatai kwamba maradhi yalikuwapo, wala kwamba kufunga njia ni dawa ya kweli. Walakini amri ile ilimlinda mmoja kwa gharama ya mwingine, bila fidia na bila chanjo ya kutosha, nayo ikazaa yale ambayo amri za namna hiyo huzaa: ng'ombe walipitishwa usiku kwa njia za porini, na mchungaji aliyeona ndama mwenye machozi alinyamaza, kwa kuwa kusema kulimletea askari na hakukumletea tabibu. Uhasama ule baina ya mfugaji na bwana mifugo ulikaa miaka mingi, na kazi iliyokuja baadaye iliukuta.

Tanganyika nayo ilipewa kazi ya kuwa ukuta. Kati ya mwisho wa miaka ya 1930 na 1941, sotoka iliposhuka tena kusini na serikali za Rhodesia na Afrika Kusini kukumbuka ya mwaka 1896, uliwekwa ukanda wa kinga baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, kwa uzio, kwa kuondoa wanyama wa mwituni na kwa kuchanja ng'ombe wa pande zile. Na safari hii haikuvuka.

Chanjo ya zama hizo ilitokana na kirusi kilichopitishwa katika miili ya mbuzi, kama J. T. Edwards alivyofanya huko Mukteswar, Bara Hindi, katika miaka ya 1920. Iliwafaa ng'ombe wenye nundu wa huko, ila kwa ng'ombe wengine ilikuwa kali, na baadhi walikufa kwa kuchanjwa. Mageuzi yalitokea Muguga, karibu na Nairobi, ambako Walter Plowright na wenzake, tangu nusu ya pili ya miaka ya 1950, waliikuza aina ya kirusi iitwayo Kabete O katika chembe za figo ya ndama, wakaihamisha kutoka chombo hiki hata kile mara 90 hivi, mpaka ikapoteza ukali wake wote na kubakiwa na uwezo wa kukinga. Chanjo hiyo haikumwumiza ng'ombe wa aina yoyote, sindano moja ilimtosha maisha yake, na bei yake ilikuwa ndogo mno. Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999, naye alifariki mwaka 2010. Huko Serengeti ng'ombe wa pembezoni walipochanjwa, sotoka iliwaondokea nyumbu wenyewe bila mtu kuwagusa, na idadi yao, iliyokuwa kama laki mbili na nusu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipita milioni moja kabla ya mwisho wa miaka ya 1970. Ndipo ikadhihirika kwamba maradhi yale, ambayo lawama zake zilitupiwa wanyama wa mwituni kwa miaka sitini, makao yake yalikuwa katika ng'ombe.

Kwa silaha hiyo nchi za Afrika, nyingi zikiwa ndiyo kwanza zimepata uhuru, zilifanya mradi wa pamoja tangu 1962 hata 1976, wa kuchanja ng'ombe wote kwa miaka mitatu mfululizo katika kila eneo. Ulifaulu karibu kabisa. Karibu, nasema, kwa sababu mabaki machache yaliachwa katika nchi zenye vita na katika nyika zisizo na barabara, na serikali, zilipoacha kuwaona wagonjwa, ziliacha kutafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sotoka ilirudi kama iliyotukanwa: Nigeria ilipoteza ng'ombe kwa mamia ya maelfu, na mwaka 1982 nyati walionekana wakifa kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 1983 Saudia ilifunga bandari zake kwa ng'ombe wa Somalia, nchi ambayo karibu fedha zake zote za kigeni zilitokana na mifugo, na wafanyabiashara wa Berbera na Mogadishu wakabaki na wanyama wasio na mnunuzi.

Mradi mpya wa bara zima ulianza mwaka 1986, ukisimamiwa kutoka Nairobi na ofisi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliyokuwa imeundwa tangu 1951 kwa ajili ya sotoka hasa. Safari hii biashara yenyewe ilifanywa kuwa mshawishi. Ile Ofisi ya Kimataifa ya Maradhi ya Wanyama, yenye makao yake Paris, iliweka daraja ambazo kila nchi iliyotaka kuitwa salama sharti ipande: kwanza itangaze kwamba haina ugonjwa na iache kuchanja, kisha ikae miaka kadhaa ikitafuta kwa bidii, kisha ipime damu za wanyama waliozaliwa baada ya chanjo kukoma na kuonyesha kwamba hazina dalili ya kirusi. Kuacha kuchanja ndiko kulikozitia serikali hofu, na hofu hiyo naielewa, maana ni kumvua mtu ngao uwanjani. Lakini damu ya mnyama aliyechanjwa na ya mnyama aliyeugua akapona hazikuweza kutofautishwa, na nchi iliyoendelea kuchanja bila kikomo isingeweza kamwe kuthibitisha kwamba imepona. Shirika la Biashara Duniani lilipoanza mwezi Januari 1995, mkataba wake juu ya afya ya wanyama na mimea ulizitaka nchi zote kutegemeza makatazo yao juu ya ushahidi wa elimu na kuzifuata kanuni za Paris, na hivyo cheti cha nchi maskini kikapata, angalau kwa maandishi, uzito sawa na cha tajiri.

Mwisho wake sotoka ilijificha katika nchi za Wasomali, kusini mwa Somalia na kaskazini mashariki mwa Kenya, kwa sura ya upole iliyomtia ng'ombe homa ndogo na machozi kidogo tu, hata daktari aliyezoea vitabu asiitambue. Waliokuwa wakiitambua ni wachungaji. Walikuwa na majina ya kila dalili, na kumbukumbu za kila msimu, na baada ya vizazi viwili vya karantini walianza kuulizwa. Katika miaka ya 1990 Jeffrey Mariner na wenzake walikuwa wamekwisha tengeneza chanjo isiyoharibika upesi kwa joto, iliyoweza kukaa kama mwezi mzima nje ya barafu, na vijana wa wafugaji wenyewe, huko Afar na Sudan ya kusini, walifundishwa kuichukua kwa miguu hata kwenye makambi ambayo gari la serikali halikupata kuyafikia. Mara ya mwisho sotoka ilithibitishwa mwaka 2001, katika nyati wa Hifadhi ya Meru nchini Kenya. Baada ya hapo palibaki miaka kumi ya kutafuta na kutokuta, kazi isiyo na sifa wala shangwe, mpaka tarehe 25 Mei 2011 mkutano wa Paris ulipokubali, na tarehe 28 Juni mkutano wa Shirika la Chakula na Kilimo ukatangaza Rumi, kwamba sotoka imekwisha duniani: maradhi ya pili, baada ya ndui, kufutwa na juhudi za wanadamu.

Kirusi chenyewe kingali katika chupa za maabara chache zenye idhini, na mwaka 2019 maabara ya Pirbright huko Uingereza iliteketeza akiba yake. Lakini mfugaji wa Turkana au wa Loliondo ana neno jingine leo. Ipo sotoka ya mbuzi na kondoo, ndugu wa karibu wa ile iliyokufa, iliyoingia Kenya na kaskazini mwa Tanzania katika muongo wa kwanza wa karne hii, nayo humwua mnyama wa maskini, yule anayeuzwa kulipia ada ya shule na dawa ya mtoto. Mwaka 2015, katika mkutano wa Abidjan, mashirika mawili yale yale ya Paris na Rumi yaliazimia kuifuta ifikapo 2030. Chanjo njema ipo, nayo humkinga mnyama kwa miaka kadhaa. Ila mbuzi huzaa upesi kuliko ng'ombe, huuzwa upesi, huvuka mpaka mchana kweupe pamoja na wanawake waendao gulioni, na katika nchi nyingi mwenye kutoa habari ya mbuzi wake walioanza kukohoa bado hufungiwa mnada bila kulipwa hata senti moja.